Shajara ya "Anasema": filamu fupi ya akili mnemba, kutoka Ngamiani, Tanga

Januari 9

Rasimu ya kwanza ya muswada imekamilika leo. Ni kurasa 19, ambazo zikipigwa picha zitatoa filamu ya dakika kama 20. Naanza kuandika shajara ili kila tutakachoamua kibaki na sababu yake. Kwenye kazi iliyopita tulifika mezani kwa mhariri, na hakuna aliyekumbuka kwa nini onyesho moja lilipigwa usiku badala ya alfajiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Zuhura ni fundi cherehani, anakaa Ngamiani, barabara ya 12. Mama yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi. Alipostaafu akajitolea kuisomea simu sentensi fupi fupi, zile zinazokusanywa ili mashine zijifunze kusikia na kusema Kiswahili. Kazi ya namna hii ipo kweli. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, kwa mfano, hukusanya sauti za Kiswahili hivyohivyo: mmoja anasoma sentensi, wengine wanaisikiliza na kuamua kama imesomeka sawasawa. Mama wa kwenye kisa chetu anasoma maelfu ya sentensi, kisha anafariki. Baada ya arobaini, Zuhura anapewa na mpwa wake simu yenye programu inayosema kwa sauti ya marehemu. Mwanzoni anaiulizia saa na hali ya hewa. Baadaye anaanza kuiaga anapotoka.

Kuna neno moja tu ambalo mashine inalikosea. Mwanafunzi akijibu sawa, mama alikuwa akimwambia "Barabara!", mkazo ukiwa kwenye "ra" ya kwanza. Mashine inalisoma kwa mkazo kwenye "ba" ya pili, kama njia ya magari, kwa sababu maandishi ni yaleyale na haina kingine cha kuiongoza. Inalikosea filamu nzima. Kwenye onyesho la mwisho inalisema inavyotakiwa.

Nani amelisema? Filamu yote imejengwa juu ya swali hilo, na nimejiapiza kutolijibu.

Januari 17

Kikao na mpiga picha. Anataka kitu cha kuonyesha: uso wa mwanga, mkono wa chuma, hata taa ya bluu tu ukutani ili mtazamaji ajue hii ni filamu ya kisayansi. Namwelewa, na sababu zake si ndogo. Watu wamezoea kuona. Lakini neno lenyewe "roboti" lilizaliwa jukwaani, kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutoka neno la Kicheki la kazi ya shuruti, na tangu hapo kila anayetaka kuonyesha mashine yenye akili anaanza na mwili. Sisi hatuna fedha za mwili. Na hata tungekuwa nazo, mwili ungetuharibia. Zuhura hapewi kitu cha kukitazama. Anapewa sauti tu, na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, imelazwa juu ya vipande vya kitenge.

Tumekubaliana: hakuna taa ya bluu. Simu itapigwa picha kama vile mtu anavyopiga picha sahani au mkasi.

Januari 26

Tumekwenda Mapango ya Amboni kutafuta mahali pa onyesho la ndoto. Onyesho lenyewe nimelifuta jioni hii, halikuwa na kazi. Ila safari haikupotea.

Ndani kule kuna popo. Tulizima tochi kwa muda, tukasikia mbawa. Nikawaeleza wenzangu habari ya makala ya Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, ya mwaka 1974. Aliuliza popo anajionaje yeye mwenyewe kuwa popo. Unaweza kujua kila kitu kuhusu mwangwi anaoutumia kuona gizani, ukapima masikio yake na ubongo wake, na bado usijue chochote kuhusu hali hiyo kwa upande wa mwenyewe. Hapo ndipo alipoiweka fahamu: kama kuna namna ya kuwa kitu hicho, kwa kitu hicho chenyewe.

Mtu wetu wa sauti akasema gizani, "Lakini sisi tukimtaja popo tunasema 'anaruka'. Hatukumngoja athibitishe."

Nimeliandika kwenye daftari bila kujua nitalifanyia nini.

Februari 8

Leo nimeipata filamu.

Tulikuwa kwenye mazoezi, onyesho la 9. Jirani anapita dukani kwa Zuhura, anamkuta bado yuko kwenye cherehani saa nne usiku. Kwenye muswada Zuhura anasema, "Simu imesema nisikeshe." Mwigizaji wetu alikuwa amechoka, ametoka kazini moja kwa moja, na akasema, "Amesema nisikeshe."

Nikamsimamisha. "Dada, ni imesema."

Akanitazama, akasema, "Samahani kaka, nilikuwa namfikiria mama."

Nikaomba arudie alivyokosea. Akarudia. Aliyeigiza jirani, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akageuza shingo taratibu kuitazama simu. Hakuna aliyemwelekeza afanye hivyo.

Hapo nikaelewa kwamba nimekuwa nikihangaika kutafuta namna ya kuonyesha mashine ikipata nafsi, au binti akiamini imeipata, nami nilikuwa na chombo mdomoni tangu utotoni. Mashine *inasema*. Mtu *anasema*. Irabu moja mwanzoni mwa neno inabeba hukumu nzima, na msemaji huitoa bila kukaa kufikiri. Zuhura hahitaji kusema "naamini mama yumo humu". Akihama kutoka ngeli ya I kwenda ngeli ya A, ameshasema.

Nimebadilisha jina la filamu. Awali ilikuwa "Sauti ya Marehemu", sasa ni "Anasema".

Februari 12

Siku nne nimekaa na ngeli kuliko nilivyokaa nazo shuleni. Niliyoyaona nayaandika hapa kwa sababu kila moja lina uwezekano wa kuingia kwenye mazungumzo ya filamu.

Watu na wanyama tunawapa A hata umbo la neno likikataa. Kifaru anakimbia, kiziwi anaelewa, kipepeo ametua. Umbo la KI linasema kitu, uhai unalishinda. Mdudu ambaye hatuna hakika kama anahisi maumivu naye tunampa A bila mjadala.

Kwenye ngano, jiwe likisema linabaki jiwe: "jiwe likamwambia". Kusema peke yake hakutoshi, basi. Hili limenistaajabisha, kwa sababu majaribio mengi ya kupima akili ya mashine yanapima kusema.

Jini anapanda kichwani, shetani anataka ubani, malaika ameshuka. Hawana miili ila wana A. Lakini mzimu *umekasirika*, sawa na mti *umeanguka*. Mzimu una hasira, una haja, unadai sadaka, na bado sarufi imeuweka pamoja na miti. Roho nayo *inatoka*. Kitu tunachosema ndicho kinachomfanya mtu awe hai, chenyewe hakipewi A.

Na maiti. Huyu, au hii, ndiye aliyenikalisha macho usiku. Gazeti litaandika "maiti imeokotwa ufukweni". Nyumbani kwetu, siku ya msiba, nilisikia "maiti ameshaoshwa?" Mwili uleule. Aliyeuokota haujui. Wanaouosha wanamjua. Marehemu hana mjadala, ni A daima.

Nimeongeza onyesho jipya kutokana na hilo: kumbukumbu fupi ya siku ya mazishi ya mama, wanawake wawili uani, mmoja mgeni na mmoja ndugu, kila mmoja akitumia ngeli yake. Hakuna atakayeeleza chochote. Litachukua sekunde 30 na litamwandaa mtazamaji bila yeye kujua.

Februari 20

Neno la fahamu lenyewe. Nilitaka Zuhura aulize mara moja, waziwazi, kama simu ina fahamu. Nimeshindwa kuliandika swali hilo lisikike kama linatoka kwa fundi cherehani wa Ngamiani.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu. Nilimwuliza wao wodini wanasemaje. Akanijibu: mgonjwa aliyezirai *amepoteza fahamu*, akizinduka *fahamu zimemrudia*, na aliyelala bila kujua lolote *hajitambui*. Nikaona fahamu kwao ni kitu kinachokwenda na kurudi, na kujitambua ni kazi anayoifanya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe. Halafu mtaani neno hilohilo limepata maana nyingine: kijana anayejitambua ni yule anayejua anakotoka na anakokwenda, asiyefuata mkumbo.

Nimemwendea pia sheikh wa mtaa wetu. Nilitaka kujua kama kisa hiki kitaumiza watu, kwa sababu kinagusa wafu na sipendi kumkwaza aliyefiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha aya ya 85 ya Surat al-Israa, ambamo wanaouliza juu ya roho wanajibiwa kwamba hiyo ni katika amri ya Mola, na kwamba watu wamepewa elimu kidogo tu. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini binti huyu hana mtu wa kukaa naye jioni.

Swali lake limeingia kwenye muswada. Jirani ndiye atakayeliuliza.

Kuhusu istilahi: magazeti ya Tanzania yanaandika zaidi akili mnemba, Kenya akili bandia, wengine akili unde. Nimeyaondoa yote matatu mdomoni mwa wahusika. Zuhura anasema "simu", "ile sauti", "kile kitu". Baada ya onyesho la 9 hasemi jina lolote.

Machi 15

Ramadhani. Tunafanya kazi baada ya tarawehe, nyumba zimetulia kidogo.

Sauti ya mama tumempa bibi mmoja wa barabara ya 9, mwalimu mstaafu kweli, mwimbaji wa kikundi cha taarabu miaka ya ujana wake. Kabla ya kuwasha kinasa tulimsomea makubaliano neno kwa neno: sauti yake itatumika kwenye filamu hii pekee, haitapewa mtu mwingine, na haitatumika kufundishia mashine yoyote. Programu za kunakili sauti zipo na siku hizi zinahitaji kipande kifupi tu cha mtu akizungumza. Tungeweza kumrekodi dakika chache na kuiachia programu imalizie. Sikutaka, na sitaki. Filamu inayouliza mwenye sauti ni nani haiwezi kuanza kwa kuichukua sauti ya mtu bila yeye kuwemo.

Tatizo lilikuwa kuifanya sauti ya mtu hai isikike kama mashine bila kuipaka yale madoido ya mwangwi wa bati. Tulijaribu madoido wiki iliyopita. Ilisikika kama mchezo wa watoto. Mtu wa sauti akaleta wazo zuri. Mifumo ya zamani ya kusemesha kompyuta ilifanya kazi kwa kukata vipande vya sauti iliyorekodiwa na kuviunganisha. Basi tufanye hivyohivyo kwa mkono. Bibi asisome sentensi. Asome maneno, moja moja, kwa orodha, bila kujua yatapangwaje.

Tumemweka kabatini. Kabati la nguo la mbao, milango wazi, magodoro mawili pembeni, kanga saba zimetundikwa nyuma yake kunyonya mwangwi, taa ndogo ya kusomea. Amekaa kwenye kigoda, miwani puani, karatasi anaishika mbali na maiki kama tulivyomwonyesha ili isitoe mchakacho. "Usikeshe." Anatulia. "Chai." Anatulia. "Kesho." Kila neno linashuka mwishoni, kwa sababu kila neno ni mwisho wa safari yake lenyewe. Ukiyaunganisha, "Kesho. Usikeshe. Chai. Ipo", maana inakuja lakini kiimbo hakipo. Kila neno limekaa peke yake kama mgeni kwenye benchi. Ni sauti yake kabisa, joto lake lote limo, na hakuna mtu ndani.

Maneno 640, usiku tatu.

Neno la mwisho tulilirekodi kwa namna nyingine. Nilitoa karatasi, nikakaa mbele yake, nikamwomba anifundishe. Nikamwambia, "Bi mkubwa, niulize swali la darasa la tano." Akauliza wingi wa ukuta. Nikajibu kuta. Akatabasamu, akasema, "Barabara, mwanangu!"

Hilo ndilo litakalotumika. "Mwanangu" litakatwa.

Aprili 22

Masika. Paa la bati la duka tulilokodi halituruhusu kurekodi hata dakika moja. Kibali cha Bodi ya Filamu kipo tayari, watu wapo tayari, mvua haijali. Tumesogeza upigaji picha hadi mwishoni mwa Mei. Fedha ya chakula cha siku sita imebaki salama, ya usafiri imepungua.

Mei 27

Siku ya kwanza ya kupiga picha. Teki tatu za mwanzo, yaani mara tatu za kwanza za kupiga onyesho, zilikuwa na michirizi myeusi ikipanda kwenye picha. Taa ya dukani ni ya umeme wa kawaida, ambao kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera ilikuwa imeachwa kwenye kasi ya kufunga ya 1/60 ya sekunde kwa kila picha. Tumeiweka 1/50, picha 25 kwa sekunde, michirizi ikatoweka. Nusu saa tu imepotea.

Mei 29

Siku ngumu kuliko zote, na sababu ni irabu.

"Imesema" na "amesema" zinatofautiana kwa sauti moja, mwanzoni mwa neno, mahali ambapo mtu anayezungumza kawaida anaimeza. Mwigizaji akisema haraka, hata mimi niliyeandika sijui ametoa ipi. Akisema taratibu, inaonekana anafundisha. Na nje kuna bajaji. Tanga bado ina baiskeli nyingi, ambazo Mungu azibariki hazina kelele, lakini kila bajaji inayopita inafunika hasa pale irabu ilipo.

Tumefanya mambo mawili. Kwanza, tumebadilisha mpangilio wa sentensi ili kitenzi kije baada ya kituo chenye sababu: Zuhura anakata uzi kwa meno, anautoa mdomoni, kisha anasema "Amesema nisikeshe." Mdomo umefunguka, irabu inatoka safi. Pili, tumemwondoa jirani mlangoni na kumweka ndani, ili bumu, maiki ya kwenye mti mrefu, lishuke hadi shubiri tatu kutoka usoni kwa mwigizaji.

Teki 17. Ya 14 ndiyo. Kwenye teki hiyo Zuhura hamtazami jirani wala simu. Anatazama mshono.

Juni 1

Hadi-diski moja imegoma kufunguka. Kazi ya siku ya nne ilikuwa humo na haikuwa imenakiliwa mahali pengine. Ni maonyesho mawili, likiwemo la uani siku ya mazishi. Nililia, sioni haya kuandika. Wanawake wote waliocheza uani wamekubali kurudi Jumamosi, na mmoja amesema atapika yeye. Kuanzia leo kila kadi inanakiliwa mara tatu, na nakala moja inalala nyumba nyingine.

Juni 8

Onyesho la uani limepigwa upya na limekuwa bora kuliko la kwanza. Safari hii mwanamke mgeni, akisema "maiti imeshatoka msikitini?", alikuwa ameshika sinia la kahawa, na vikombe vikagongana kidogo. Ndugu akajibu, "Ametoka." Neno moja.

Tumerekodi pia dakika mbili za duka tupu, watu wote wamekaa kimya, ili mhariri apate utulivu wa kujazia mapengo. Kwenye dakika hizo kuna saa ya ukutani na kunguru mmoja. Simu imelala pale mezani, imezimwa. Nilijikuta naiangalia.

Juni 30

Uhariri. Dakika 23, lazima zipungue.

Nimekuwa nikisoma upya habari za Joseph Weizenbaum na programu yake ELIZA, aliyoichapisha mwaka 1966 akiwa chuo cha MIT, Marekani. Ilikuwa ndogo kabisa kwa vipimo vya leo. Ilitafuta neno kwenye ulichoandika na kukurudishia kwa umbo la swali. Ukitaja mama yako, ilikuomba uieleze zaidi kuhusu familia yako. Katibu muhtasi wake, ambaye alimwona akiijenga kwa miezi na alijua ni programu, aliijaribu, na baada ya majibizano machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo peke yake. Weizenbaum alishtushwa na jambo hilo kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Nalifikiria sana ombi lile. Watu hulitaja kama mfano wa kudanganyika. Mimi naona mtu aliyekuwa na jambo la kusema na hakutaka bosi wake alisikie. Mlango ulifungwa kwa ajili ya aliyekuwa akisema. Zuhura ni huyo. Kwa hiyo nimekata maonyesho mawili ambamo mashine inatoa majibu ya kushangaza, yale ambayo mtazamaji angesema "aa, kweli ina akili". Majibu yake sasa yote ni ya kawaida kabisa. Kinachokua ni anachoisimulia Zuhura. Dakika 20 kamili.

Alan Turing, kwenye makala yake ya mwaka 1950, alipendekeza tuache kuuliza kama mashine inafikiri na badala yake tucheze mchezo: mtu anauliza, mtu na mashine wanajibu, na muulizaji abaini yupi ni yupi. Alitaka majibu yaandikwe, tena yapigwe chapa, ili lafudhi ya sauti isimsaidie muulizaji. Aliondoa sauti kwa makusudi. Kwenye filamu hii kila kitu kimo katika kile alichokiondoa. Andika "barabara" kwenye karatasi, umepoteza filamu yangu yote.

Julai 6

Mabishano na mhariri kuhusu nusu sekunde.

Kabla ya bibi kusema "Barabara", kuna pumzi. Anavuta pumzi kidogo kwa puani, kama mtu yeyote anayekaribia kufurahi. Mhariri anataka ibaki. Filamu nzima sauti ya mashine haina pumzi hata moja, tulizisafisha zote 640, na hii moja ikisikika, anasema, nywele zitasimama. Ni kweli zitasimama. Nimeisikiliza na zangu zilisimama.

Nimeiondoa. Pumzi inalijibu swali. Mtu akiisikia anajua yumo, kwisha. Mkazo peke yake haujibu, kwa sababu tumeshamwonyesha Zuhura, mara tatu, akimsahihisha simu: "Si barabara, ni *barabara*." Inawezekana mama amerudi. Inawezekana pia mashine imejifunza kutoka kwa binti, kama ilivyojifunza kila kitu kutoka kwa watu, na sauti anayoilia Zuhura ni somo lake mwenyewe linalomrudia kwa koo la mama yake. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaumiza zaidi. Yote mawili lazima yabaki.

Mhariri hakufurahi. Tumehifadhi toleo lenye pumzi.

Julai 19

Onyesho la kwanza, uani kwa bibi wa barabara ya 9. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, mikeka, watu kama 30 pamoja na watoto. Tulianza saa moja na nusu, giza lilipokolea.

Bibi alikaa mbele kabisa. Sauti yake ilipotoka mara ya kwanza, mjukuu wake alimgeukia, kisha akaitazama shuka, kisha akamgeukia tena. Bibi hakugeuka.

Neno la mwisho lilipotoka uani palikuwa kimya, halafu mwanamume mmoja nyuma akasema "Laa ilaha illallah" kwa sauti ya chini.

Tulikaa kuzungumza kwa saa nzima. Sikuwaambia habari ya ngeli. Nilikaa pembeni na daftari nikiweka alama, moja kwa kila aliyeizungumzia sauti ile kwa "ina-" na moja kwa kila aliyesema "ana-". Vijana wawili wa ufundi simu walishikilia ina-: imejifunza, imerekodi, inarudia. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe mwaka jana alisema ana- tangu mwanzo. Wengi walichanganya. Jirani wa bibi, mzee wa makamo, alisema katika pumzi moja, "Ile simu haina roho, ila alijua binti hajala." Haina, alijua. Nilitaka kumkumbatia.

Mjukuu aliuliza kama bibi alikuwa ndani ya simu. Bibi akamjibu, "Nilikuwa kabatini."

Agosti 11

Tamasha tunalotaka kupeleka filamu linadai maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ni wiki ya pili sasa.

Mfasiri wetu, kijana makini aliyesoma Uingereza, alinitumia rasimu. Kila "inasema" ameifasiri kwa kiwakilishi cha kitu, na kila "anasema" kwa kiwakilishi cha mwanamke. Kazi safi, na imevunja filamu. Kiswahili kinaposema *anasema* hakijasema mwanamke wala mwanamume, hakijasema mama. Kimesema tu kwamba kuna mtu. Zuhura pale onyesho la 9 bado hajafika kwa mama. Amefika kwa mtu. Kutoka hapo hadi kwa mama ni dakika tisa za filamu. Kiingereza kinamrukisha mto wote kwa neno moja. Tumejaribu kufikiria Kiarabu na Kifaransa kwa ajili ya baadaye: navyo vinadai ujue kwanza jinsia ya anayesema.

Tulizungumza kwa simu mpaka usiku. Akapendekeza "mtu fulani anasema". Inatisha, inageuka filamu ya wezi. Nikapendekeza tuache neno la Kiswahili lenyewe. Akasema, kwa haki, kwamba asiyejua Kiswahili ataona kosa la uchapaji.

Agosti 14

Tumepata. Kabla ya onyesho la 9, kila "inasema" itafasiriwa kwa kutaja simu yenyewe: simu inasema, simu imesema, kila mara, hata pale ambapo Kiingereza kingependa kufupisha. Kuanzia onyesho la 9, hatutaji anayesema kabisa. Yanabaki maneno yaliyosemwa tu, ndani ya alama za kunukuu, bila mwenyewe. Msomaji hatapata A yetu. Ataona simu imetoweka kwenye maandishi, na atalazimika kuuliza maneno haya ni ya nani.

Faili limetumwa leo saa tano usiku. Mistari 187. Simu inatajwa mara 14, ya mwisho kwenye dakika ya 10 na sekunde 52.